Kabla Hujanunua Plagini Nyingine, Sogeza Kiti

Leo tunaweka misimbo kando kidogo, ingawa sio kando sana kama mtakavyoona.

Kuna ugonjwa umetuingia sisi watu wa kompyuta tunaopenda muziki, na dalili zake ni hizi. Bendi inarekodi wimbo sebuleni kwa mtu, wimbo unatoka na sauti ya mkebe wa Kimbo, halafu jamaa wa kompyuta anaambiwa, "Si wewe una laptopu, utatengeneza." Na yeye, badala ya kukataa, anaingia kwenye intaneti kutafuta plagini ya tano ifanye kazi ambayo nne za kwanza zilishindwa kuifanya. Mimi ndiye huitwa kazi hiyo katika bendi yetu na katika bendi mbili tatu za marafiki, kwa hivyo niruhusuni niseme ninachofikiri bila kuzunguka.

Rekodi nyingi za nyumbani zinazosikika vibaya hazikuharibiwa na programu, na hazitaokolewa na programu. Zimeharibiwa na chumba, na mahali maikrofoni iliposimamishwa, na mahali alipoketi yule anayemiksi. Vitu hivyo vitatu hurekebishwa bure, au kwa bei ya kamba na blanketi. Programu inakuja ya nne. Waliosoma kompyuta wanaijua kanuni yetu ya zamani kwamba takataka ikiingia, takataka hutoka. Ajabu ni kwamba tunaihubiri kwenye hifadhidata za watu, tukifika kwenye muziki tunaisahau.

Na wala msiniambie kwamba ni vifaa tu. Bruce Springsteen alirekodi albamu ya Nebraska mwezi Januari 1982 nyumbani New Jersey, kwa mashine ya kaseti ya TASCAM yenye traki nne na maikrofoni mbili za Shure SM57. Alikusudia iwe mfano tu wa kuonyesha bendi yake, lakini kaseti yenyewe ndiyo iliyokuja kuwa albamu mwaka huohuo. Tukirudi huku kwetu, mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi nchini Kongo. Gitaa moja na mashine ya kusafiri nayo. Ukisikiliza Masanga leo unasikia kila kidole. Simu iliyo mfukoni mwako ina uwezo wa kurekodi ambao Tracey hangeuota, na bado gitaa la rafiki yako linasikika kama limefunikwa na gunia. Kwa hivyo tofauti iko mahali pengine.

Haya, tuanze na chumba, kwa sababu hapa ndipo penye uhondo.

Nairobi wengi wetu tumeishi au tunaishi katika chumba cha kumi kwa kumi. Futi kumi ni takribani mita 3.05. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewani. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inaenea sawasawa kati ya ukuta na ukuta hujirudia na kujijenga lenyewe, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Hesabu yake ni rahisi: 343 gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Kwa kumi kwa kumi unapata hezi 56 hivi. Sasa chukua gitaa la besi, piga waya wa A bila kubonyeza popote. Ni hezi 55.

Mmeona balaa hiyo? Chumba ambacho Wakenya wengi wanarekodia kimejengwa kama kwamba fundi alikusudia kuvimbisha noti ya A ya besi. Na kwa kuwa ni kumi kwa kumi, upande wa pili nao una urefu uleule, kwa hivyo kuta zote nne zinashirikiana katika uhalifu huo. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa A au wa D, besi itakuwa inanguruma kila inapofika kwenye A, kisha inapotea kwenye noti zinazofuata. Mpiga besi atalaumiwa kwamba mkono wake hauna nidhamu. Mimi ni mpiga besi, kwa hivyo jambo hili nalisema kwa uchungu kidogo.

Lakini lililo baya zaidi ni la anayemiksi. Wimbi hilo la hezi 56 lina nguvu zaidi ukutani na ni dhaifu kabisa katikati ya chumba. Ukiweka meza yako katikati, kama watu wengi wanavyofanya kwa sababu inapendeza, masikio yako yako pale ambapo besi haipo. Unaongeza besi. Unaongeza tena. Unaona sasa imekaa. Unapeleka wimbo kwenye matatu, dereva anauweka, na vioo vinatetemeka mpaka abiria wanauliza kama kuna mtu anabomoa nyumba. Ukihamia ukutani ili uegemee, utapata kinyume chake: besi ni nyingi masikioni, unaipunguza, na wimbo unatoka mkavu kama biskuti. Hakuna plagini inayoweza kujua umeketi wapi.

Dawa ni kusogeza kiti. Mahali pazuri pa kuanzia ni kama asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, yaani katika kumi kwa kumi ni mita moja na sentimita 16 hivi. Sio sheria ya Musa, ni mahali pa kuanzia tu. Kisha cheza sauti inayopanda polepole kutoka hezi 40 hadi 200, Audacity inaweza kuitengeneza kwa dakika moja, na usikilize ni wapi inavimba na wapi inazama. Sogea sentimita 20, rudia. Andika. Ni kazi ileile ya kutafuta hitilafu katika programu: unabadilisha kitu kimoja, unapima, hubadilishi vitu vinne kwa pamoja halafu unasherehekea bila kujua kilichosaidia ni kipi.

Sasa trei za mayai. Jamani. Kila studio ya nyumbani niliyoingia kuanzia Kayole hadi Kisumu ina trei za mayai ukutani, na kila mwenye studio ananiambia zinazuia sauti. Hazizuii. Trei ni karatasi nyembamba. Kitu cha kumeza sauti kinahitaji unene unaolingana na wimbi. Robo ya urefu wa wimbi ndiyo kipimo kizuri. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.43, robo yake ni sentimita 86. Trei yako ina unene gani? Inachoweza kufanya ni kubadilisha kidogo masafa ya juu kabisa, na chumba kinabaki na ngurumo zake zote chini, sasa kikiwa kimepoteza mng'ao kidogo juu. Ni heri ule mayai na trei uzirudishe dukani.

Kinachosaidia kiko nyumbani tayari. Godoro la inchi 6 likisimamishwa wima, likiachiwa nafasi ya futi moja kutoka ukutani, linafanya kazi kubwa kuliko trei mia moja. Kabati lililo wazi na nguo ndani yake. Blanketi mbili zikitundikwa nyuma ya mwimbaji, na naam, nyuma yake, kwa sababu maikrofoni inamtazama yeye na kila kilicho nyuma yake. Pembe za chumba ndipo besi hujikusanya, kwa hivyo vitu vinene viwekwe pembeni kwanza. Na mabati, kama huna dari, subiri mvua iishe tu. Kwa hilo sina hekima yoyote.

Umeme nitaupitia haraka. Wetu ni volti 240 na hezi 50, kwa hivyo ule mngurumo unaousikia nyuma ya gitaa uko kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Mara nyingi unakatika ukichomoa chaja ya laptopu na kurekodi kwa betri. Ila mtu asikudanganye ukate waya wa ardhi kwenye plagi ili mngurumo uishe. Waya huo ndio unaomzuia mwimbaji mwenye gitaa mkononi na midomo kwenye maikrofoni asipigwe na umeme. Heri wimbo wenye mngurumo.

Maikrofoni sasa. Watu hununua kondensa ya bei nafuu kwa sababu kwenye picha inaonekana kama ya studio. Kondensa katika chumba kibaya ni kama kumwalika jirani mmbea kwenye kikao cha familia: inasikia yote, jogoo, friji, boda boda, na mwangwi wa kila ukuta. Kwa chumba chetu ninapendelea dainamiki ya kawaida, ile ya jukwaani, ikisogezwa karibu. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya moja kwa moja inapanda kwa desibeli 6 hivi huku mwangwi wa chumba ukibaki ulivyo. Mwimbaji akitoka sentimita 40 akaja sentimita 10, umepata desibeli 12 dhidi ya chumba. Hakuna plagini ya kuondoa mwangwi itakayokupa hizo bila kuacha sauti inanong'ona kama ya roboti. Ukaribu huo huongeza besi kwenye sauti, ndiyo, basi punguza chini ya hezi 100 baadaye na maisha yaendelee.

Kwa drami, bendi nyingi zinafikiri zinahitaji maikrofoni nane. Glyn Johns, fundi wa Uingereza aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, anajulikana kwa mpangilio wa maikrofoni tatu au nne tu: moja juu ya drami, moja upande wa ngoma kubwa ya sakafuni, na moja kwenye kiki. Siri ni kwamba zile mbili za kwanza lazima ziwe na umbali sawa kabisa kutoka kwenye sneya. Kwa nini? Kama moja iko sentimita 34 mbali zaidi, sauti inaifikia ikiwa imechelewa kwa milisekunde moja. Ukizichanganya hizo mbili, mawimbi ya hezi 500 yanakutana moja likipanda na jingine likishuka, yanauana. Vivyo hivyo 1,500, na 2,500, na kuendelea juu. Sneya inabaki ngozi na mifupa. Halafu mtu anaanza kuongeza masafa kwa ikwalaiza ili kufufua kitu ambacho kimejiua chenyewe! Chukua kamba ya viatu, bana ncha moja katikati ya sneya, pima maikrofoni zote mbili. Imeisha.

Kuhusu viwango vya kidijitali, wasomaji wangu wengi mtafurahi kusikia kwamba hapa mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Rekodi kwa biti 24, acha kilele cha sauti kifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, na usihangaike. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 hivi, biti 24 zina 144 hivi, na chumba chako chenye friji hakijawahi kukaribia ukimya wa namna hiyo. Zile habari za kurekodi kwa kilohezi 192 ni za kujaza diski tu. Faili zinakuwa kubwa mara nne kuliko za 48, na sikio la binadamu linaishia karibu na kilohezi 20, ambazo 44.1 na 48 tayari zinazibeba. Sauti ikipasuka kwa kupita sifuri, hiyo haina tiba nzuri. Kwa hivyo ogopa kupasuka, usiogope kuwa chini.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni magitaa.

Bendi yetu inapiga mambo mengi lakini mizizi ni benga. Benga ilikuja kukua Nyanza, na magitaa yake yalijifunza kutoka kwa nyatiti, kinanda cha nyuzi nane. Sikilizeni Shirati Jazz ya marehemu D.O. Misiani. Gitaa moja linauliza, la pili linajibu kabla la kwanza halijamaliza, na besi haikai nyuma kama mgeni, iko mbele inagombana nao. Muziki huo wote uko katika mwanzo wa noti, pale kidole au plektra inapoachia waya. Ukiua mwanzo huo, umeua benga.

Na mipangilio ya tayari inayokuja na plagini inauua kila siku. Hebu tupige hesabu. Mpiga gitaa wa solo akipiga noti nane kwa sekunde, kila noti ina milisekunde 125. Unaweka riverbu ya ukumbi mkubwa yenye mkia wa sekunde mbili, kwa sababu imeandikwa kwamba ni ya gitaa. Sasa kila noti inapigwa juu ya mizimu ya noti 16 zilizopita. Hapo huna mazungumzo ya magitaa mawili, una soko la Gikomba asubuhi. Kompresa nayo ikiwekwa ikamate haraka, chini ya milisekunde tano, inaikanyaga ile sauti ya plektra yenyewe. Ikiwa inaachia polepole, nusu sekunde tuseme, haipati nafasi ya kupumua kati ya noti na noti, kwa hivyo inabaki imekandamiza wimbo mzima. Mipangilio hiyo ilitengenezwa na mtu aliyekuwa akifikiria gitaa la roki linalopiga akodi nzito. Si kosa lake. Ni kosa kuiamini kama msahafu.

Ninachofanya ni hivi: kompresa inasubiri milisekunde 25 au 30 kabla ya kukamata, inaachia kwa 80 hivi, na haipunguzi zaidi ya desibeli tatu nne. Gitaa la solo nalikata chini ya hezi 150, kwa sababu huko chini halina kazi na besi inahitaji uwanja. Gitaa moja naliweka kushoto, la pili kulia, sio nusu nusu bali mbali kabisa. Riverbu ni fupi, kama ya chumba, na mara nyingi naiondoa. Basi. Mazungumzo yanasikika.

Kisha kuna suala la kurekodi mmoja mmoja. Programu zimetuzoesha kwamba mpiga drami aje Jumamosi, besi Jumapili, gitaa likipata nafasi. Kila mtu anapiga peke yake akisikiliza kliki masikioni. Inafaa kwa muziki mwingine. Kwa magitaa yanayojibizana, mimi siikubali, na tumegombana bendini kwa ajili ya hilo. Upande wa pili una hoja nzuri, lazima niseme: mkirekodi pamoja, sauti ya drami inaingia kwenye kila maikrofoni, mmoja akikosea wote mnarudia, na kumiksi kunakuwa na mipaka. Yote kweli. Lakini jibu la gitaa la pili haliwezi kuwa jibu kama swali lilirekodiwa wiki iliyopita. Mtu anayejibu rekodi hamtazami mwenzake, hamwoni akiinua shingo ya gitaa kabla ya kubadilisha.

Na kwetu jambo hili sio nadharia tena. Mpiga gitaa wetu wa pili amepata kazi Doha na anaondoka mwisho wa mwezi ujao. Mkataba ni wa miaka miwili, na nyote mnajua mikataba hiyo inavyoongezeka. Tuna nyimbo saba ambazo hazijarekodiwa ipasavyo. Kuna waliopendekeza arekodi sehemu zake peke yake kwa simu akiwa huko na kututumia. Mimi nimesema hapana, tuna wikendi nne, tunaingia chumbani wote. Tunatumia ukumbi wa kanisa siku za Jumamosi asubuhi, ambao ni mrefu kuliko mpana na una mapazia mazito, kwa hivyo ile laana ya kumi kwa kumi haipo. Besi inaingia moja kwa moja kwenye kiolesura bila amplifaya, magitaa yana amplifaya ndogo zilizogeuzwa kuangalia ukuta wenye pazia, drami ziko mwisho mwingine. Mwimbaji anaimba pamoja nasi ili atuongoze, kisha sauti yake tunairekodi tena baadaye, kwa sababu sauti ya mwimbaji inavumilia kurudiwa.

Mkiazima mikisa kama sisi, angalieni jambo moja: mikisa nyingi zenye USB hutuma traki mbili tu kwenye kompyuta, yaani mchanganyiko uliokwisha kupikwa, hata kama zina mashimo kumi na mawili mbele. Ulizeni kabla ya kubeba. Na ucheleweshaji usiwatishe kupita kiasi. Bafa ya sampuli 256 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 5.3, kwenda na kurudi ni mara mbili na zaidi kidogo, sawa na kusimama mita nne hivi kutoka kwa mwenzako, jambo ambalo bendi hufanya kila siku jukwaani. Hedifoni za Bluetooth ndizo msiguse, mara nyingi huchelewa kwa milisekunde mia moja na zaidi, na hapo hakuna binadamu anayepiga kwa wakati.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona wewe mtu wa kompyuta huongelei akili bandia. Naiongelea. Deezer waliachia Spleeter mwaka 2019, programu huria inayoweza kutenganisha sauti ya mwimbaji, drami na besi kutoka kwenye wimbo uliokwisha kuchanganywa, na tangu hapo zimekuja bora zaidi. Mfano mkubwa ni Now and Then wa Beatles uliotoka Novemba 2023. John Lennon aliuimba nyumbani kwake New York miaka ya 1970, kwenye kaseti, akijipigia piano. Wenzake watatu walijaribu kuukamilisha mwaka 1995 wakauacha, na ubora wa kaseti ulikuwa sehemu ya tatizo. Ilibidi wasubiri mpaka timu ya Peter Jackson itengeneze teknolojia ya kuitenga sauti yake na piano.

Ni maajabu, sikatai. Lakini angalieni kilichookolewa: sauti ya mtu ambaye haiwezekani tena kumwita arudie. Hiyo ndiyo kazi ya zana hizi. Kama una kaseti ya babu akipiga gitaa mwaka 1978, tafadhali zitumie. Lakini kama mwimbaji wako yuko hai, yuko Umoja, na ana nauli, mwambie aje Jumamosi na asogee karibu na maikrofoni.

Kuhusu programu za kuvunjwa, zile za kupakuliwa bure na faili ya ziada ya kuzima ulinzi, sitahubiri sana. Mimi huishi kwa kuandika programu kwa hivyo mnajua nilipo. Nitasema tu kwamba unaiambia kompyuta yenye nyimbo zako zote na nywila ya benki iamini faili iliyotengenezwa na mtu usiyemjua, na ya kwanza anayokuomba ni uzime antivairasi. Wakati huohuo Audacity ni bure tangu mwaka 2000, Ardour ni huria, na Reaper, iliyoanzishwa na Justin Frankel yuleyule wa Winamp, inakupa siku 60 za kujaribu na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Plagini zinazokuja ndani ya Reaper zina sura mbaya kama fomu ya serikali na zinafanya kila kitu nilichotaja hapa.

Mwisho wa kumiksi kuna kishawishi cha kupaza. Kila bendi inataka wimbo wake uwe mkubwa kuliko wa jirani. Mwaka 2008 Metallica walitoa Death Magnetic ikiwa imepazwa mpaka imepasuka, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilisikika vizuri zaidi, kwa kuwa hazikukandamizwa vile. Leo kupaza hakuna hata faida ya ushindani: Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo zote zifike karibu na LUFS -14. Ukileta wimbo wa -7, unashushwa kwa desibeli 7, na unachobaki nacho ni mkandamizo bila ukubwa. Pima kwa ffmpeg, kichujio chake cha ebur128 kinakupa namba kwa amri moja.

Kisha jaribu mahali watu wanaposikilizia kweli. Simu haiwezi kutoa hezi 55, spika yake ni ndogo kuliko kifungo cha koti. Lakini ubongo una ujanja: ukisikia 110, 165 na 220 pamoja, unaijaza 55 wenyewe. Kwa hivyo besi inayosikika kwenye simu sio besi iliyoongezwa chini, ni besi iliyokwaruzwa kidogo ili itoe hizo za juu. Nakili traki ya besi, ipitishe kwenye plagini ya amplifaya mpaka ichafuke, kata chini ya hezi 150, ichanganye polepole chini ya ile safi. Ukiizima na kuiwasha kwenye hedifoni hutaona tofauti kubwa. Kwenye simu besi inatokea kutoka hewani. Hii ndiyo hila moja ya programu ninayoipenda bila masharti. Baada ya simu, panda matatu yenye spika kubwa, mwombe dereva kwa adabu, na sikiliza ule waya wa A.

Unapolinganisha miksi mbili, sawazisha ukubwa kwanza, maana iliyo kubwa kwa desibeli moja tu itaonekana bora hata kama ni mbovu. Nimeandika kiprogramu kifupi cha Python kinachosawazisha faili mbili, kinazibadilisha majina kuwa X na Y bila kuniambia ipi ni ipi, na kinahesabu nimechagua ipi mara ngapi. Bendi yetu iliitumia kumaliza ubishi wa wiki tatu kuhusu plagini moja ya bei kali. Katika duru 16, wanne wetu hatukuweza kuitofautisha na ile ya bure. Pesa hizo zimenunua stendi mbili za maikrofoni na kebo za kutosha kufika mwisho wa ukumbi wa kanisa.

Faili za Jumamosi hizi nne zitakuwa WAV, kila chombo traki yake, zikiwa na jina la wimbo, tarehe na namba ya jaribio, sio "final_final2_mpya". Nakala moja kwenye diski ya nje nyumbani kwa mpiga drami, moja kwangu, na ya tatu mpiga gitaa anaondoka nayo kwenye ndege.